Maisha ya Msimamizi, Seremala Aliyewasindikiza Vijana Kazini

Alizaliwa Jumatano ya Majivu ya mwaka 1951, mtoto wa tatu wa dobi wa hospitali, na mama yake alipenda kutania kwamba mwanawe alivunja mfungo siku ileile kwa kunyonya mchana kutwa. Akiwa na miaka kumi na sita aliingia karakana ya useremala, akapanda haba na haba hadi akawa msimamizi wa mafundi ishirini. Mpaka hapo hakuna kubwa la kusimulia. Alikuwa mkali, alisali, na alipenda chai yenye sukari nyingi.

Wito wake ulikuja Pasaka ya mwaka 1988. Paroko alimwomba awe msimamizi wa ubatizo wa binti wa miaka ishirini, aliyekuwa ametoka gerezani kwa wizi wa vitambaa. Baada ya Misa msimamizi alimpa binti hongera. Binti akamjibu, "Asante, Baba. Sasa kesho nani atanipa kazi?" Neno hilo lilimchoma. Siku ya pili akaenda kwa paroko, akasema, "Padri, nimeahidi kumsimamia huyu mtoto. Sikuambiwa kwamba mwisho wake ni mlango wa kanisa."

Ndivyo kilivyoanza chama chake. Kila Jumamosi, katika chumba cha nyuma ya sakristia, vijana waliokataliwa kwa kukosa uzoefu, vyeti au mtu wa kuwasemea walifundishwa kusoma futi, kujibu maswali bila kuinamisha kichwa, na kufika mapema. Kila mmoja alipewa mtu mzima mwenye ajira, amwombee nafasi, amsindikize siku ya kwanza, na asimwache kwa miezi mitatu. Watu walicheka: "Huyu anapeleka vijana kazini kama anapeleka posa!" Naye alijibu kwamba hata posa hukataliwa, na mtu hurudi tena.

Binti yule, msimamizi alimchukua mwenyewe karakanani kwake. Futi yake ya chuma ilikuwa imekatika ncha, na kwa ubahili wake (watakatifu nao ni watu) hakununua nyingine. Alipima kuanzia alama ya sentimita kumi, kisha akaongeza kumi mwishoni. Alimfundisha binti vivyo hivyo. Mwezi wa pili binti alisahau kuongeza, akakata mbao arobaini za milango ya shule, zote zikapungua sentimita kumi. Tajiri mwenye karakana akaja juu: "Jana mwizi, leo mharibifu! Atoke sasa hivi!" Binti alikwisha kuvua aproni. Msimamizi akasimama kati yao. "Futi mbovu ni yangu, na aliyemfundisha ni mimi." Tajiri akasema, "Basi cheo kikutoke wewe," akidhani atanywea. Msimamizi akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani, akachukua randa, akaanza kazi kama fundi wa kawaida. Nyumbani alikuwa na watoto wanne. Naandika haya nafsi ikinisuta, maana mimi ningemwacha binti aende.

Wiki ileile mganga wa zahanati alikuja kutafuta mbao za makabati, za kipimo kilekile, na zote arobaini zikatumika. Waamini husema ni muujiza. Tajiri alisema ni bahati, na cheo hakukirudisha.

Miaka tisa baadaye cheo hicho alipewa binti. Mzee alifanya kazi chini yake hadi kustaafu, na alipoambiwa kiungo cha kiti kimelegea, alikifungua akakiunda upya. "Baba, naona aibu kukuamuru," binti alimwambia. "Amuru tu, mwanangu. Cha kuonea aibu ni hiki kiti."

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Machi 2015. Binti alikuwa kando ya kitanda, na mzee akamuuliza, "Yule kijana asiyesikia, fundi wa kuchomelea, Jumatatu nani anampeleka kiwandani?"

"Nitampeleka mimi, Baba."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kamili."

"Saa moja kasorobo," akasema, na hakusema tena.

Mazishi yaliwekwa Jumatatu hiyohiyo, saa mbili asubuhi. Misa ilianza nafasi ya binti ikiwa tupu, watu wakanong'ona kwamba hana shukrani. Yeye alikuwa langoni mwa kiwanda, katika nguo zake za msiba, akimwonyesha mlinzi namna ya kuzungumza na kijana kwa mikono. Alisubiri hadi kijana alipoandikishwa, ndipo akaenda kumzika baba yake.

Chama chake kingali hai. Nawe uliyesoma, ukitaka kumwiga, mtafute yule uliyemwekea mkono begani ukiwa msimamizi wake siku ya kipaimara, umuulize kama amepata kazi.