Kijana Wetu Ametahiriwa, Sasa Mimba ya Mke Wangu Imekuwa Aibu

Admin, funika jina langu kabisa kwa sababu hapa Nkubu hata mbuzi wananijua. Mimi ni mwanaume wa miaka arubaini na nne, mkulima. Shule niliachia darasa la sita lakini kichwa kinafanya kazi. Kwa nguvu msiniulize. Nyati wa msituni alishawahi kunifukuza mpaka akachoka yeye, akalala chini, nikarudi kumwangalia kama yuko sawa. Mvi sina hata moja.

Sasa sikieni. Desemba kijana wetu wa kwanza, tumwite Mwenda, alitahiriwa. Nilichinja mbuzi, nikaimba kushinda wote. Wazee wakanivuta kando, "Karibu kwetu, mzee. Mambo ya kuzaa sasa ni ya watoto." Nilicheka, nikajua ni pombe inaongea.

Kumbe haikuwa mzaha. Kwa mila yetu, kijana akishatahiriwa, mama yake akionekana na mimba ni aibu ya boma nzima. Na mke wangu ana mimba. Ana miaka thelathini na nane tu, jamani!

Mama yangu alipojua alimwambia mbele ya majirani, "Kwani unataka kunyonyesha pamoja na mke wa mtoto wako?" Mwenda naye hagusi chakula cha mama yake. Zamani aliniita Baba. Juzi alinisimamisha shambani, "Mzee, wenzangu wananicheka. Ulishindwa kutulia?" Mimi wa nyati, nikainama nikaendelea kulima.

Mke wangu anajifunga tumbo na leso, anakaza mpaka pumzi inakatika. Nikimwambia alegeze, analia. Jumapili tukitoka kanisani akasema, "Baba Mwenda, naenda kwa dada yangu Embu mjini, pale mtaa wa Dallas. Nitazalia huko na mtoto ataitwa wa dada. Nitarudi peke yangu."

"Na akifanana na mimi?"

"Atakuita ankol, kama wale watoto wengine wa dada."

Nilidhani anatania. Leo begi limefungwa, liko mlangoni, na kesho asubuhi anapanda gari. Nikimzuia, hii boma itamtafuna mbele yangu. Nikimwacha, nitakuwa natembelea damu yangu na mkate na maziwa kama mgeni, nikiombwa nikaribie chai.

Mwili wangu haujazeeka. Ni watu wamekaa wakaamua. Nishaurini, ndugu zangu: kesho nisimame kwa mlango, ama nimbebee begi?