Tundu kwenye Boti la Mama Mkubwa

Nilimdanganya mama mkubwa kwa wiki saba. Nilimwambia nasubiri kifaa kutoka Tanga. Hakukuwa na kifaa chochote Tanga. Kila kitu kilikuwa chini ya kitanda changu, Sindeni, kimefungwa kwenye kanga kuukuu, na kila jioni nilikifungua, nikakipaka grisi, nikakifunga tena. Kilichonishinda ni tundu moja. Nilitakiwa kulitoboa boti lake, chini ya usawa wa maji, na nilikuwa naogopa.

Mama mkubwa ni dada yake mama. Ana boti la mbao lenye injini ndogo nyuma, na kwa miaka mingi amekuwa akivusha watu Mto Pangani, kutoka mashamba ya upande wa Handeni hadi kwenye njia inayokwenda Korogwe mjini. Upande wa Handeni maji yametulia, boti linajilaza lenyewe kando ya kingo. Shida iko upande wa Korogwe. Juu kidogo ya ngazi za kushukia kuna mwamba. Maji yakiugonga yanazunguka, na mzunguko huo unaivuta nyuma ya boti kuelekea katikati ya mto. Injini haisaidii pale, kwa sababu chini kuna mawe; lazima uizime na kuiinua kabla hujafika. Kwa hiyo abiria wa mbele anafunga kamba kwenye kigingi kilichokitwa kingoni, karibu na ngazi, na mtu wa nyuma anasimama na upondo, ule mti mrefu, anaukita chini na kusukuma mpaka nyuma nayo isogee na boti lilale sambamba na ngazi.

Mtu huyo wa nyuma alikuwa mama mkubwa mwenyewe, na bega lake la kulia lilikuwa linakufa. Hospitali walimwambia alipumzishe. Hakulipumzisha. Ilifika mahali akisukuma anauma kanga. Siku nyingine alishindwa kabisa, boti likaburuzwa mpaka kwenye matete, ambako hakuna anayependa kuweka mguu kwa sababu ya mamba. Watu wakaanza kuzunguka na bodaboda kupitia darajani.

"Vuli ikinikuta na bega hili, naacha," aliniambia. "Nitarudi Sindeni nikae na mama yako tubishane kuhusu chumvi."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Hakuna kitu anachokiogopa mama mkubwa kama kukaa.

Mimi ndiye niliyejitia kimbelembele. Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwa kufungua pampu za maji zilizokufa na kutazama video kwenye simu, nikirudisha nyuma mara ishirini hadi bando linaisha. Katika video moja niliona boti kubwa la watu wa mbali lina pangaboi dogo nyuma, limelazwa kiubavu ndani ya bomba. Ukibonyeza swichi, linatupa maji pembeni, na nyuma ya boti inakwenda upande unaotaka. Bila upondo, bila bega. Nikasema nitamtengenezea mama mkubwa kitu kama hicho. Nililisema kwa sauti, mbele yake. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza; bora ningelisema moyoni tu.

Mota niliipata Segera kwa wauza vyuma chakavu: mota ya winchi ya gari lililopata ajali. Inatumia betri ya lori, na ukibadilisha nyaya inazunguka kinyume. Gia ya kupindisha mzunguko niliitoa kwenye mashine mbovu ya kufyekea majani. Bomba, la kufungwa nje nyuma ya boti, ni kipande cha bomba la kisima; mhimili wa kutoka kwenye mota iliyo ndani ndio ungepita kwenye tundu. Pangaboi nililikata mwenyewe kwenye bati nene, mabawa matatu, na hapo ugonjwa wangu ukaanza. Bawa moja lilikuwa zito kuliko wenzake kwa punje ya mahindi. Nikalipiga tupa. Likawa jepesi. Nikapiga tupa mengine mawili. Niliendelea hivyo mpaka nikabaki na kitu cha kupoozea chai. Nikakitupa, nikaanza upya. Mara nne.

Nililijaribu la nne kwenye lambo la ng'ombe, kwa sababu karibu na kwetu hakuna maji mengine ya kuzamisha mashine. Nilifunga kila kitu juu ya chelezo cha madumu. Mzee mmoja mfugaji alikuwa ameleta ng'ombe wake kunywa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hicho kinafanya nini?"

"Kinasukuma maji, mzee."

"Yaende wapi?"

Nikabonyeza swichi. Chelezo kikazunguka kama kimepandwa na pepo, tope likapanda juu, na ng'ombe wote wakarudi nyuma kwa pamoja.

"Binti," alisema taratibu, "hawa wametembea tangu alfajiri. Peleka kelele yako kwa wenye mto."

Alikuwa sahihi. Kitu kilifanya kazi, na mahali pake palikuwa mtoni, siku ileile. Lakini mimi nilikuwa nimesikia mtikisiko mdogo. Nikakirudisha nyumbani nikautafute. Sikuupata, na sikuacha kuutafuta. Kila nilipomaliza kutafuta nilikumbuka lile tundu, nikaanza tena.

Mama mkubwa alipiga simu kila Jumapili.

"Kimefika?"

"Bado, mama mkubwa."

"Hao watu wa Tanga wanakitengeneza au wanakizaa?"

Nilicheka naye. Nikikata simu nilijichukia, kisha nikachukua kitambaa nikafuta grisi ambayo haikuwa na vumbi.

Kilichonitoa kitandani ni mama. Alirudi kutoka kumtembelea dada yake, akaketi bila kuvua viatu, akasema, "Dada yangu sasa anakula kwa mkono wa kushoto." Mama mkubwa ndiye aliyetufundisha sote kula kwa adabu. Alikuwa akitupiga vidole kwa mwiko. Kesho yake asubuhi nilikuwa njiani na mzigo wangu.

Kabla ya kutoboa nililiacha boti lielee likiwa tupu, nikachora mstari wa chaki pale maji yalipofika kwenye ubao wa nyuma. Kisha abiria wakatusaidia kulivuta nchi kavu. Nikapima kutoka kwenye chaki kwenda chini. Nikapima tena. Nilipokuwa naanza mara ya kumi na moja, mama mkubwa aliyekuwa amekaa juu ya dumu alinitazama.

"Unalipima au unalichumbia?"

Nikawasha drili ya betri. Ubao ulikuwa na fundo ndani ambalo sikuliona. Ncha ikateleza, na tundu likaenda pembeni kwa upana wa kidole. Nilisimama pale na drili mkononi kama mtu aliyeua. Kitu nilichokiogopa kwa wiki saba kilikuwa kimetokea kwa muda wa kupiga chafya.

"Limetoboka?" aliuliza.

"Limetoboka, lakini limepinda."

"Nimekuuliza limetoboka."

Nilikata mpira kutoka kwenye tyubu ya lori, nikaupaka lami, nikauzungushia tundu, kisha nikafunga mota ndani na bomba nje kwa bolti. Tukaliingiza boti majini, yeye na mimi tu. Tulipofika upande wa Korogwe alizima injini, akaiinua, mimi nikafunga kamba kwenye kigingi. Maji yakaanza kuivuta nyuma kama kawaida. Akabonyeza swichi kwa kidole gumba cha kushoto. Mota ikanguruma, na nyuma ya boti ikarudi taratibu mpaka ikagusa kingo. Akageuza swichi, nyuma ikaenda nje. Akaigeuza tena, ikarudi. Alifanya hivyo mara tano bila kunitazama, na kwa muda ule mfupi nilisahau kabisa kwamba tundu limepinda.

Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Boti lilijaa: akina mama na matenga ya nyanya, mbuzi wawili, wazee na bakora zao. Mimi nilikaa nyuma pamoja na mama mkubwa nikisubiri kusifiwa, nakiri. Kamba ikafungwa. Injini ikainuliwa. Na hapo watu wote wakasimama.

Nimekuwa nikivuka mto ule tangu nikiwa mgongoni. Najua kwamba hakuna abiria anayesubiri boti liguse. Likikaribia tu, kila mtu anakimbilia upande wenye ngazi ili asiwe wa mwisho. Ngazi zilikuwa zinaangukia usawa wa mbele ya boti. Watu wote, nyanya zote na mbuzi wote wakaenda mbele. Nyuma ikanyanyuka shibiri nzima, na bomba langu, lililopimwa mara kumi kwa boti tupu, likatoka majini. Mama mkubwa akabonyeza. Pangaboi likapiga kelele hewani na kutumwagia maji usoni.

"Kambale kapiga chafya!" mtu alipaza sauti kutoka mbele.

"Dada fundi, zima feni, hatusikii joto!"

Boti zima lilicheka. Nyuma ilikuwa inakwenda. Mama mkubwa akaufikia upondo, akausimamisha, akauma kanga. Mimi nilishika upondo pamoja naye, lakini nilichelewa, nilikuwa nimeshamsikia akiguna kwa maumivu.

Siku hiyo niliwaomba abiria wakae. Safari tatu nilisimama katikati ya boti kama kondakta, naomba mkae, tafadhali mkae. Mzee mmoja alinigonga begani kwa upole.

"Mjukuu wangu, nimekaa tangu ng'ambo. Sasa nataka kushuka."

Mchana nikamwambia mama mkubwa suluhisho ni moja: tulivute boti nchi kavu, nizibe tundu, nitoboe jingine chini zaidi kwa shibiri. Sikumwambia kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi, kwa sababu la pili ningelitoboa likiwa limenyooka.

"Boti langu si chujio," alisema.

Alikaa kwenye ngazi akila chungwa, mkono wa kushoto, akitazama maji. Alipomaliza akatupa maganda.

"Ng'oa kigingi."

"Kwa nini, mama mkubwa?"

"Ng'oa kwanza."

Nikakitikisa mpaka kikatoka. Akatembea kufuata kingo, kuelekea kwenye mwamba, hatua sita, akasimama. "Kita hapa." Nilikikita kwa jiwe nikiwa nimenuna, na hata kunyooka hakikunyooka. Nilidhani amechoka na anataka tu kufanya kitu.

Safari iliyofuata ndipo nilipoelewa. Kamba ilifungwa mbele zaidi, kwa hiyo sasa ngazi zilikuwa zimeelekeana na nyuma ya boti. Watu wakasimama kama kawaida yao, wakasukumana kama kawaida yao, wote wakaja nyuma. Nyuma ikazama. Mama mkubwa akabonyeza, na mota haikupiga kelele hata kidogo. Ilikoroma chini ya maji, na boti likajilaza kwenye ngazi.

"Wewe ulitaka wakae," alisema. "Watu hawakai. Watu wanashuka."

Ningepaswa kufurahi. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilishindwa kula. Wiki saba, mapangaboi manne, uongo wote ule, na kilichobaki kilikuwa hatua sita! Halafu nikagundua jambo jingine. Nyuma ikizama, tundu langu linazama zaidi. Na kwa kuwa limepinda, mpira haukukaa sawasawa. Uzi mwembamba wa maji unaingia. Ukivuka mara tano, maji yanajaa kikombe.

Vuli imeshaanza, mto umekuwa mwekundu, na mama mkubwa bado anavusha. Mimi huja kila Jumamosi na spana yangu. Jumamosi iliyopita nilipiga magoti nyuma ya boti, tukiwa njiani, nikitazama ule uzi wa maji.

"Mama mkubwa, nipe siku moja tu. Nilinyooshe."

"Siku moja yako ni wiki saba."

Nilinyanyua kichwa.

"Mama yako aliniambia kiko chini ya kitanda," alisema, macho yake kwenye mto. "Nikasema mwache, ataona haya mwenyewe."

Sikupata nafasi ya kuomba radhi. Kamba ilikuwa imefungwa na watu wamesimama. "Dada fundi, pisha!" Tenga likanisukuma, bakora ikanigusa mbavuni, nikajikuta nimebebwa na umati mpaka juu ya ngazi nikiwa bado na spana mkononi. Nilipogeuka, mama mkubwa alikuwa ameinama pale nilipokuwa nimepiga magoti. Alichota kikombe cha maji kutoka ndani ya boti, akayamwaga mtoni, akachota kingine, huku akiwaita wanaovuka waje. Alikuwa anatumia mkono wa kulia.