Meza ya Tatu Kutoka Mlangoni

Kwa miaka thelathini na moja, meza ya tatu kutoka mlangoni katika ukumbi wa kanisa ilikuwa ya Olha Prystupa. Hakuna karatasi iliyosema hivyo, lakini hakuna aliyethubutu kuweka hata pochi yake pale. Kila mwaka, Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi, wanawake wa parokia walifanya soko la Pasaka, na Olha alipanga juu ya meza hiyo mayai yake ya rangi, yale wanayoyaita pisanki. Kwa wanawake hao yai halichorwi, huandikwa. Unalishika kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unavuta mstari wa nta mwembamba kama unywele, ukilichovya kwenye rangi ya njano, halafu ya chungwa, halafu nyekundu, na mwisho kabisa nyeusi. Kisha unaliingiza ndani ya oveni yenye moto mdogo, nta inayeyuka, unafuta, na kila ulichoandika kwa majuma mazima kinajitokeza kiking'aa.

Msimu uliopita wa kuvuna kanola, zile mbegu za mafuta, mkono wa kulia wa Olha ulianza kutetemeka. Daktari wa mji wa Yorkton aliutazama, akauzungusha, akasema ni mtetemeko tu wa umri na hautamuua.

"Sikukuuliza kama utaniua," Olha alimwambia. "Nimekuuliza kama nitaandika mayai."

Jibu lilikuja lenyewe mwanzoni mwa Kwaresima, Olha alipokalia kiti chake jikoni na kuharibu mayai kumi na moja mfululizo. La kumi na mbili alilirudisha kwenye friji.

Habari za mji mdogo hazihitaji kutumwa. Alhamisi moja katikati ya Kwaresima, wanawake wakiwa ukumbini wanafinya pirohi, maandazi madogo ya kuchemsha yaliyojazwa viazi, Verna Lysak, mwenyekiti wa kamati, alivuta kiti akaketi karibu naye. Verna alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa haraka, wa kukupangia mambo kabla hujayafikiria.

"Dada Olha, mwaka huu tumeona tukupumzishe."

"Nani kasema nimechoka?"

"Hakuna aliyesema. Meza tumeona tumpe Candace, mke wa mpwa wangu, kaanza kuandika vizuri yule. Wewe utakaa mlangoni kwenye kile kiti kizuri, uwakaribishe watu. Na tutakupa cheti."

"Cheti cha nini?"

"Cha utumishi wa muda mrefu."

Olha alifinya pirohi nyingine, akaibana kingo zake kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Verna, hapa kwetu wanaopewa vyeti vya namna hiyo ni wawili: anayehamia kwa mwanawe Calgary, na anayekaribia kufa. Mimi uniweke fungu gani?"

Wanawake wa upande ule wa meza wakainamia unga.

"Usiichukulie hivyo, mwenzangu."

"Sheria ya kamati inasemaje? Wewe ndiye uliyeiandika."

Verna akashusha pumzi. "Meza ni ya anayeleta kazi ya mikono yake mwenyewe."

"Basi nitaleta."

"Dada, lakini hiyo mikono..." Verna akaanza, kisha akajikatiza.

Olha alirudi nyumbani huku masikio yakiwaka, na si kwa baridi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita. Alishuka ngazi hadi chumba cha chini ya nyumba, akasogeza mitungi ya kabichi, akatoa boksi aliloletewa Krismasi na mpwa wake anayeishi mji wa Regina. Hakuwahi kulifungua kwa sababu aliona ni mchezo wa watoto: boksi la kujifunzia kutengeneza picha kwa kumimina rangi za akriliki. Juu yake palikuwa na picha ya msichana akitabasamu kando ya kazi yake, hana hata tone moja kwenye shati.

"Huyo hajamimina kitu," alisema Metro, mumewe, akivaa miwani ili amsomee maelekezo. Ndani mlikuwa na chupa sita za rangi, chupa ya maji mazito ya kuchanganyia, vikombe, vijiti, glovu, na vitambaa vinne vilivyowambwa kwenye fremu za mbao. "Changanya kila rangi mpaka itiririke kama asali vuguvugu. Mimina rangi zote ndani ya kikombe kimoja, moja juu ya nyingine. Kipindue juu ya kitambaa. Kinyanyue. Inamisha huku na huku. Basi."

"Basi? Mstari uko wapi?"

"Hakuna mstari."

"Nani anaamua rangi iende wapi?"

Metro akageuza karatasi, akatazama nyuma. "Hawajasema."

Olha hakuliamini jambo hilo hata kidogo. Alianza na njano, kwa sababu nyepesi ndiyo hutangulia. Akasubiri dakika kumi, kama yai linavyosubiri ndani ya rangi. Akatia ya chungwa, akasubiri. Nyekundu, akasubiri. Alipofika nyeusi, ile njano ya chini ilikuwa imeota ngozi kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Alipopindua kikombe, rangi zilidondoka kwa pamoja, zikakaa katikati ya fremu kama chapati. Aliinamisha fremu, mkono ukitetemeka, rangi zikasambaa polepole, na mahali fulani pembeni nyekundu ikapenya ndani ya njano kwa namna ambayo hata yeye hakuitarajia. Aliinama akaitazama kwa karibu.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mwandishi yeyote wa mayai angefanya. Aliwasha oveni, nyuzi mia mbili, akaingiza fremu.

"Hapa wanasema iachwe saa ishirini na nne," Metro alisema.

"Wameandika watu wasiojua oveni."

Dakika ishirini baadaye king'ora cha moshi kilianza kulia. Metro alifungua mlango, baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri ikaingia nzima nzima, na Olha akaitoa fremu kwa glovu za kuchomea mikate. Rangi zilikuwa zimevimba mapovu, kisha zikapasuka katikati kama tope la bwawa la ng'ombe mwezi Agosti.

Metro aliitazama sana. "Imeiva," alisema.

"Nyamaza, mzee wewe."

"Nauliza tu kama inaliwa na krimu, kama pirohi."

Olha alitaka kucheka, akakasirika badala yake. Ya pili aliimimina siku iliyofuata bila kusubiri katikati, akaiacha ikauke juu ya friji kubwa la chumba cha chini, akasahau kwamba nyumba yote imeinamia upande wa kusini tangu mwaka ambao wanyama wa porini walichimba mashimo chini ya msingi. Asubuhi picha nzima ilikuwa imehama, imeteremka ubavuni mwa friji, na mkia wa rangi ya bluu ulifika sakafuni. Metro aliuondoa kwa kisu cha kukwangulia barafu.

Kwa fremu ya tatu alileta pima-maji ya seremala, akasawazisha meza kwa vipande vya kadibodi. Alichanganya vizuri. Alipindua kikombe, akakinyanyua, akashika fremu kwa mikono yote miwili. Mtetemeko ukampanda mpaka kwenye kiwiko. Rangi zikaanza kukimbilia kona moja.

Metro akanyoosha mikono. "Nikushikie?"

"Usiguse!"

"Itamwagika yote, bibie."

"Imwagike. Ukiishika wewe itakuwa kazi ya mikono yako, na meza watakupa wewe. Unataka meza?"

Metro akarudisha mikono mfukoni. Olha akaiegemeza fremu kifuani, rangi ikamlowesha blauzi mpaka tumboni, akaigeuza taratibu upande wa pili. Rangi ilibaki nusu. Haikufanana na ya kwenye boksi. Kingo zilikuwa na mawimbi madogo madogo yaliyotokana na mkono wake, na katikati palikuwa na shimo jeupe lililokataa kujaa. Ya nne ilikuwa na afadhali kidogo, si sana.

Siku ya soko Olha alifika mapema akiwa na fremu zote nne, ya oveni nayo ikiwemo. Candace, binti mwembamba wa kuona haya, alishapanga mayai yake kwenye meza ya tatu. Verna alikuja mbio, cheti kikiwa ndani ya kava la plastiki.

"Dada Olha, hizi si pisanki."

"Sheria haisemi pisanki. Inasema mikono."

"Lakini hii imepasuka!"

"Niliipika kwenye oveni."

Kicheko kikalipuka ukumbini, kwa sababu hapakuwa na mwanamke pale ambaye asingefanya vilevile. Paraska Dutka, mwenye miaka tisini na tatu, aliuliza kutoka kwenye meza ya mikate, "Moto kiasi gani?"

"Mia mbili."

"Mno!" Paraska alipiga meza. "Mia na sabini, na mlango wazi!"

Candace alianza kukusanya mayai yake ili aondoke. Olha akamshika mkono. "Kaa, mwanangu. Sogeza mayai, usijisogeze wewe. Meza ni ndefu." Kisha akamgeukia Verna. "Kile kiti kizuri kilete hapa. Nitakikalia nikiuza."

Verna aliangalia cheti, akaangalia fremu, akaenda kuleta kiti.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mgeni kutoka Canora. Alizipita fremu tatu, akachukua ile iliyopasuka. "Umesaini wapi?"

Olha hakuwa amesaini. Akageuza fremu, akaomba kalamu ya wino mzito. Herufi ya kwanza ilitoka kama njia ya mdudu. Nyuma ya mwalimu foleni ilianza kukua. Verna aliinama, akasema kwa upole, "Niachie nikuandikie jina, dada. Watu wanasubiri."

"Wasubiri," Olha alisema, akaanza herufi ya pili.