Trekta Lililooshwa kwa ajili ya Baraka

Saa moja na robo asubuhi, kwenye shamba letu la kanisa kaskazini ya mji wa Blaine, trekta lilianza kuguna na jembe likakataa kuinuka. Nililizima, nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta ya haidroli, yale yanayoinua jembe, yalikuwa meupe kama chai ya maziwa. Nilidondosha tone kwenye kikaango cha mayai kilichokuwa motoni jikoni, nalo likaruka na kuchachatika: maji.

“Nani aliliosha?” niliuliza.

“Sisi, papa, kwa ajili ya baraka,” alisema kiongozi wa kwaya, akiniita baba kwa heshima. “Mchungaji angebariki matope?”

Walikuwa wameelekeza mpira wa maji ya kasi kwenye tundu la hewa la tangi la mafuta hayo, maji yakaingia.

“Usiliwashe,” nilimwambia. “Pampu ya haidroli itakufa.”

Aliangalia matuta ambayo hayajaisha, kisha mawingu ya mvua. “Mstari mmoja tu, papa.”

Akaliwasha. Mlio wa pampu ulipanda, ukakatika. Pampu mpya ilitugharimu dola elfu moja na mia nane.