Ngege na Matumbo Yake

Jumamosi sokoni Nyamasaria, mbele yangu alisimama msichana wa sekondari, bado kavaa sare. Mama muuza samaki alikuwa ameshainua kisu amkwangulie ngege wake magamba.

"Mama, usitoe kitu. Nataka na matumbo yote."

Kisu kiliganda hewani. "Na matumbo? Kwenu watasema mimi ni mvivu!"

"Si ya kupika. Ni ya bayolojia. Tutapasua, halafu tutafute wadudu kwa tumbo na hadubini."

Alikusudia vijidudu, wale wasioonekana kwa macho. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mteja aliyekuwa nyuma yangu akarudisha samaki wake mezani, taratibu.

"Yawa!" mama akafoka. "Samaki yangu haina wadudu!"

Msichana akajaribu kurekebisha. "Ni vijidudu tu, mama. Hata wewe uko navyo kwa tumbo. Hata huyu mzee."

Akaninyooshea kidole. Nikajishika tumbo. Mama akakitazama kitambi changu, akacheka mpaka akaweka kisu chini. Mteja wa nyuma naye akacheka, akamchukua tena samaki wake.

"Ongeza na hii mbuta mdogo, mlinganishe," mama akamwambia msichana. Kisha akamwinamia sikioni. "Lakini mkipata kitu, kuja uniambie. Na useme polepole."

Akawafunga wote wawili kwa ukurasa wa gazeti. Nilipochungulia, nikaona ni huu wangu. Miaka yote ninayoandika, ndiyo mara ya kwanza safu hii kuingia darasani.