Kisu Nilichomfulia Baba Mdogo

Baba mdogo alinipigia simu asubuhi nikiwa nawasha mkaa kwenye karakana yangu hapa Mwanjelwa, na kabla sijamaliza kumwamkia akaniambia anataka kisu.

"Kama vile vya marehemu baba yako," alisema. "Kirefu, cha kukatia ndafu. Mimi na mama yako mdogo tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Mchungaji atakuwepo, wakwe watakuwepo. Nataka nikate mwenyewe."

Nikampa hongera. Nikamwuliza mpini anataka wa mti au wa pembe, akasema wa pembe. Halafu akashusha sauti.

"Ila usiweke alama yoyote, mwanangu. Kiache kitupu. Na ukitume kwa basi mapema, usije nacho siku ile."

Nikasema sawa, baba. Simu ilipokatika nikarudi kwenye mkaa.

Baba yangu alikuwa mhunzi pale Uyole. Alifua majembe, mashoka na visu, na mimi mtoto wake wa pekee ndiye niliyemshikia koleo, tangu nilipoweza kusimama karibu na moto bila kulizwa na moshi. Kila kisu alikigonga nukta tatu karibu na mpini. Wachinjaji wa Mbeya walizijua nukta hizo. Alipofariki, siku ya tatu ya msiba, wanawake wakiwa bado wanaosha masufuria, mdogo wake alifika na lori kutoka Iringa. Akapakia nyundo, koleo, mivukuto, visu vilivyokuwa havijauzwa, na ile fuawe, kipande kizito cha reli ambacho baba alifulia juu yake maisha yake yote. Niliinuka mkekani kumwuliza anafanya nini.

"Vitu vya ukoo havibaki kwa mtoto wa kike," alinijibu mbele ya watu wote. "Wewe kesho utaolewa, utampelekea mwanaume wa watu. Na tangu lini mwanamke akafua chuma?"

Mama akanivuta kitenge nikae. Nikakaa. Mengi nimeyasahau kuhusu msiba ule, lakini kule kukaa sijakusahau.

Ilinichukua miaka kurudi kwenye moto. Nilichomelea milango na madirisha kwa fundi mmoja wa Mbalizi, nikanunua nyundo moja, kisha ya pili, mpaka nikawa na karakana yangu. Sikuwa nikienda Iringa. Nilikwenda mara moja tu, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa binti yake baba mdogo, yule ninayemwita mdogo wangu, maana tulilala kitanda kimoja likizo zote za shule. Baba mdogo ana bucha Mlandege. Nilipoingia kumsalimia niliona visu vya baba vimepangwa ukutani, nukta tatu zote zinaonekana, na mteja mmoja akanielekeza kwa heshima: "Hivi mzee amevifua mwenyewe enzi za ujana wake. Fundi huyu." Baba mdogo alikuwa anapima nyama. Alisikia, akaendelea kupima. Nyumbani kwake fuawe ilikuwa imelazwa chini ya geti, inazuia lisifungwe na upepo.

Sasa alitaka kisu kingine cha kusema amekifua yeye.

Nilitafuta springi ya lori kwa wauza vyuma chakavu, nikachagua iliyochakaa vizuri bila ufa. Nilipoanza kugonga, kila pigo nililisindikiza na maneno yake ya msibani. Hilo lilikuwa kosa. Kisu cha kwanza nilikichoma kupita kiasi kwa hasira, na nilipokizamisha kwenye oili nikasikia kimelia tik, kimepasuka kuanzia katikati. Nikakitupa. Nikakaa siku mbili bila kugusa moto. Nilijua kisu kibaya kisingenisaidia chochote, angekificha tu stoo. Nilihitaji kiwe kizuri mpaka kila mtu aombe kukishika.

Cha pili nilikifua nikiwa nimetulia kabisa. Kabla ya kukikaza kwa moto na oili nilichukua herufi za chuma nikagonga mstari mmoja kwenye bapa: KIMEFULIWA NA BINTI WA KAKA YAKO MHUNZI. Chini yake, nukta tatu. Nikakizamisha, kikatoka kimenyooka bila kulalamika. Mpini niliutoa kwenye pembe ya ng'ombe, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Nimefua visu vingi tangu hapo, na hakuna kilichofikia kile.

Baba mdogo alipiga simu mara tatu kuuliza kama nimekituma. Nikamwambia gundi ya mpini haijakauka, nitakileta mwenyewe kwa basi la alfajiri, nifike kabla ya watu. Nilidanganya. Nilipanda basi la baadaye makusudi. Tulipofika Nyololo ukungu ulikuwa umeshapanda, nami nilikuwa nimekishika kisu mapajani kimefungwa kwenye kitenge kipya, natabasamu peke yangu mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama naenda harusini.

Niliingia ukumbini kule Iringa watu wakiwa wanapeleka zawadi. Baba mdogo aliniona kutoka meza kuu, akaniita kwa kidole nimpitishie mzigo pembeni. Nikajifanya sijamwona. Nikaingia kwenye foleni, nikacheza na wenzangu taratibu mpaka mbele, nikamkabidhi mshereheshaji.

"Dada yetu kutoka Mbeya, tumwone ametuletea nini!" Akafungua kitenge. Watu wakaguna kwa kukisifu, na yeye akakiinua kwenye taa. "Kina maandishi! Ngoja niwasomee." Akasoma kwa sauti kwenye kipaza sauti, neno kwa neno.

Vigelegele vilipigwa kwanza, kwa mazoea tu. Kisha mzee mmoja muuza nyama, jirani wa bucha, akaropoka kutoka meza ya pili: "Kumbe mhunzi ni kaka yako? Si ulituambia vile vya dukani ulifua wewe?"

Watu wakacheka. Mchungaji, bila ubaya wowote, akamgeukia: "Kumbe hata vile vya bucha alivifua kaka yako, mzee?"

Nikaomba kipaza sauti. Nikamgeukia mchungaji. "Vile ni vya marehemu baba yangu, mchungaji. Vina nukta tatu kama hiki. Siku ukipita bucha, angalia. Na kwa kuwa sasa mnaona ufundi haujafa, namwomba baba mdogo anirudishie fuawe ya baba. Ipo hapo nyumbani kwake, getini."

Wakwe wote walikuwa wanamtazama. Alitabasamu meno yote nje. "Chukua, mwanangu. Ni yako."

Kisha akakata ndafu kwa kisu changu. Kilipita kwenye bega la mbuzi bila kubishana. Nilikunywa soda yangu polepole. Nilifurahi. Sitasema uongo kwamba niliona huruma.

Jioni, vijana walipokuwa wanapakia fuawe kwenye gari dogo nililokodi, alinifuata getini.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Mimi ndiye baba yako sasa. Umesahau?"

"Baba yangu nilimzika. Wewe ulikuwa unapakia lori."

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia yote. Hakunikumbatia nilipoondoka, na sikumlaumu.

Yeye ndiye aliyekuja Mbeya miezi kadhaa baadaye. Hakukaa kwenye kiti nilichomvutia. Alitoa kisu kwenye mfuko wa nailoni akakiweka mezani. Baba mdogo alikuwa amekipeleka kwa mtu mwenye grenda kufuta maandishi. Walikisaga mpaka kikapata moto kikawa cha bluu pale herufi zilipokuwa, na chuma kikilegea namna hiyo hakishiki makali.

"Hakikati hata kitunguu," alisema. "Baba anaomba umrekebishie."

"Kwa nini hajanipigia mwenyewe?"

"Anaona aibu. Bucha hashindi tena, amemwachia mume wangu. Watu wanaingia wanaangalia nukta, wanamcheka." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Dada, umeridhika?"

Nilitaka kumjibu kitu cha kumfanya abaki anywe chai. Badala yake nilisema ukweli.

"Bado."

Akachukua mkoba wake akarudi stendi. Kisu ninacho. Kukipasha moto na kukikaza upya ni kazi ya mchana mmoja, naijua hatua kwa hatua, na sijaianza.