Mlokole Aliyeambiwa Aache Kunywa

Kwetu Nyakabanda, ukisema mtu anakunywa, hakuna anayeuliza anakunywa nini. Ni pombe. Ndiyo maana muuguzi wa kituo cha afya aliponiuliza, "Mama, unakunywa?" nilimjibu kifua mbele: "Hapana. Mimi nimeokoka."

Akatazama majibu ya damu. "Kuokoka ni vizuri. Lakini sukari yako iko juu. Chai je? Soda?"

"Aa, hizo nakunywa sana!" Sikuona hata aibu. Nani aliwahi kuhubiri dhidi ya chai ya maziwa?

"Basi acha kunywa, mama. Sukari ikikaa hivi itakula macho yako."

Macho! Nimejua kusoma nikiwa na watoto tayari, kwa shule ya jioni. Leo Biblia naisoma mwenyewe, simwombi mtu. Macho hayo niyatoe kwa kikombe cha chai?

Nyumbani nikamwambia mume wangu. Alikuwa na bia yake mkononi.

"Ngoja, sherii, mpenzi wangu. Katika nyumba hii, aliyeambiwa aache kunywa ni wewe?" Akacheka mpaka akakohoa. "Nikusindikize kwa pasta?"

"Kunywa yako, uniache."

Lakini kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya maombi ya akina mama, na mimi ndiye kiongozi wao. Tunafunga tangu asubuhi, jioni tunafungulia nyumbani kwa mmoja wetu: chai imejaa sukari, mandazi, chapati, na soda kwa asiyependa chai. Sijaona mtu aliyekonda kwa mfungo wetu. Tukikutana tunaambiana, "Umenenepa, Mungu amekuona!" na tunaitika amina.

Na kukataa si rahisi. Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza mbele yako, ujue hajaweka sumu. Akishaonja ukakataa, umemwita mlozi.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya jirani yangu, tunayeombana naye chumvi kila siku. Akaonja, akanipa kikombe. Mimi nikaona afadhali nianze na ombi.

"Wapendwa, mniombee. Muuguzi amesema niache kunywa."

Hata aliyekuwa anatafuna andazi akaacha.

"Yesu wangu! Na wewe?"

"Mimi nilisema," mwingine akanong'ona kwa sauti ya kusikika. "Yale macho yake mekundu."

Jirani akanishika mkono. "Tangu lini, mama?"

"Tangu utoto. Mama yangu ndiye alinizoeza."

Hapo mmoja akaanza kulia. Mama mnene kuliko sisi wote akasimama, akaniwekea mkono kichwani. "Wewe pepo wa ulevi! Toka! Toka kwa mtumishi wa Mungu!"

"Chai!" nikapiga kelele chini ya mkono wake. "Ni chai! Ni sukari!"

Mwalimu wa shule ya jioni alituambia kuna vitenzi havikai peke yavyo, vinataka kitu nyuma yavyo. Nilidhani ni mambo ya mtihani.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Jirani tu ndiye hakucheka. Alikuwa anatazama kikombe.

"Kwa hiyo chai yangu iko mbaya?"

"Iko tamu mno, ndiyo shida. Macho yangu, dada. Nipe maji."

Akaingia jikoni, akakawia. Nikajua nimempoteza. Akarudi na glasi ya maji, akasimama mbele ya wote, akaonja pole pole kama chai.

"Haina sumu," akasema. "Haina sukari. Haina hata heshima ya kumpa mgeni. Kunywa, mlevi wangu."

Nikanywa yote. Kikombe changu kilichukuliwa na yule aliyekuwa ananitoa pepo. Alisema ni dhambi kumwaga maziwa. Mimi nikafungua Biblia yangu, ile ya maandishi madogo, nikawasomea neno la siku ile mpaka mwisho.